Sinema za Mbaruku Hazina Maiti

Mbaruku wa Kibaoni alikuwa na ugonjwa mmoja tu usio na dawa: hakuweza kutazama sinema akiwa kimya. Akiwasha TV, mdomo nao unawaka. "Huyu mwenye kofia mwangalieni vizuri, ndiye msaliti." "Hapa atajifanya ameanguka, hajaanguka." "Asiondoke mtu, kuna kitu kinakuja!" Sinema zenyewe alikuwa amezirudia mpaka zimemkaa kichwani kama sala, na mkewe Chiku aliapa kwamba zipo nyingine alikuwa akizisimulia usingizini.

Baba yake alipanda zamani kutoka Kilwa na marobota ya kanga, akakuta Ifakara kuna mchele, kuna samaki na kuna watu wa kuzungumza nao, akasahau njia ya kurudi. Mbaruku hakuendelea na kanga. Alifungua duka la vipuri vya baiskeli, pikipiki na pawatila za kulimia mpunga, na kila alichobakiza baada ya kulisha familia alikitia kwenye sinema. Alianza na mikanda, zikaja sidii, zikaja dividii. Za Kihindi alikuwa nazo, za Kichina, za Wazungu, za Wanaijeria. Kabati la sebuleni lilijaa sinema, na vyombo vya harusi vya Chiku vikahamia uvunguni.

Binti yao Ilham, anayefanya kazi ya kompyuta Dodoma, alikuja likizo akafungua kabati lile, akapiga chafya.

"Baba, hivi vitu vinakufa. Angalia ukungu huu."

Alikaa na kompyuta yake likizo nzima, anaingiza hiki, anatoa kile, mpaka sinema zote za baba yake zikaenea kwenye diski moja yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Diski akaichomeka kwenye kiboksi cheusi karibu na TV ya sebuleni, akawaita wazazi wake kuwaonyesha.

"Hiki kiboksi kinarusha sinema nyumba nzima kwa waifai. TV hii inadaka, TV ya chumba cha wageni inadaka, simu ya mama inadaka. Picha zake hizi hapa, zimejipanga. Unabonyeza unayoitaka. Ukiishia katikati, kesho inaanzia pale pale ulipoishia. Na kila mtu anatazama yake."

"Kila mtu anatazama yake?" Mbaruku aliuliza. Hakulipenda neno hilo.

Chiku alilipenda sana. Jioni ile ile alichukua simu yake na visikilizio, akajifungia chumbani na sinema ya Kihindi, akaitazama mwanzo mpaka mwisho bila kuambiwa nani msaliti. Asubuhi alimwambia jirani yake Brigitha kwa macho mekundu ya kulia, "Dada, tangu niolewe ndiyo mara ya kwanza sinema imenishtukiza."

Basi Ilham akarudi Dodoma, na Mbaruku akabaki sebuleni na mali yake yote ikiwa imepangwa kwenye kioo kama kanga dukani, picha kwa picha, na hakuna wa kumwambia neno. Alisimulia hivyo hivyo. Alisimulia kwa mito ya kochi, na paka alipokatiza alisimuliwa naye.

Ndipo mama mkwe wake alipokuja.

Bi Sikitu alitoka Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, alikolima mpaka macho yakamzuia. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Mwenyewe alisema dunia imemgeukia uji: anaona kwamba kuna mtu, haoni ni nani; anaona kwamba kuna mwanga, haoni ni wa nini. Chiku alimpeleka hospitali, na daktari alisema kazi ya kumsafisha jicho ni ndogo, ila presha yake iko juu mno. Anywe dawa kwanza, apunguze chumvi, asikasirike, asishtushwe, kisha arudi. Jicho la kulia litatangulia, la kushoto litafuata baada ya miezi. Kwa hiyo bibi akawekwa chumba cha wageni.

Sasa, Bi Sikitu alilelewa kwamba mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikutana ukumbini mmoja wao anageukia ukuta. Tangu Mbaruku amwoe Chiku, maneno aliyokuwa amezungumza na mama huyu ni ya aina mbili tu: "Shikamoo mama" wakati wa kufika na "Safari njema mama" wakati wa kuondoka. Na sasa walikuwa chini ya bati moja. Bibi akitaka kutoka chumbani alikohoa kwanza, kama lori linavyopiga honi kabla ya kona, na Mbaruku popote alipokuwa alijibanza jikoni au akatokea mlango wa nyuma. Kuna siku alitokea na kipande cha muhogo mdomoni, akasimama uani na kuku mpaka njia ilipokuwa salama.

Chiku alimwonea mama yake huruma, kukaa tu kwenye uji ule kutwa nzima. Alimwashia TV ya chumbani. Bibi alisikia watu wanalia kwa Kihindi, wanaimba kwa Kihindi, wanalia tena.

"Wanalilia nini hawa, mwanangu?"

Chiku alijaribu kumweleza. Lakini Chiku ana chungu jikoni, ana nguo kwenye kamba, na isitoshe ni mtu ambaye akikaa chini anasinzia. Alimwachia mama yake mama mzazi wa kwenye sinema akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, na hakurudi kusema kama aliingia au aliondoka.

Jioni moja baada ya magharibi Mbaruku alikuwa sebuleni peke yake anatazama sinema hiyo hiyo. Nyumba ile haikuwahi kupigwa dari. Kuta zinaishia juu, halafu kuna nafasi, halafu bati. Neno likitamkwa sebuleni linapita juu na kushukia chumba cha wageni kama limetumwa. Mbaruku alikuwa amejisahau.

"Mama anamficha mtoto huyo. Anamficha kwa sababu mjomba mtu anautaka urithi. Hakuna atakayemwona hapo, mama, tulia, usitikisike…"

Upande wa pili wa ukuta kikasikika kikohozi.

Mbaruku alinyamaza, akaangalia mlango wa jikoni, akapima umbali. Kikohozi kikaja tena, lakini mlango wa wageni haukufunguka. Baada ya kitambo Chiku alitokea huku akifuta mikono kwenye kanga.

"Mama anauliza, mtoto kafichwa wapi?"

"Nini?"

"Mtoto. Kafichwa wapi? Na anasema usinyamaze."

Mbaruku alikuwa ameambiwa "nyamaza" na mke, na watoto, na wageni, na mjumbe wa mtaa siku moja alipokuja kutazama mpira. "Usinyamaze" alikuwa hajawahi kuambiwa. Alikohoa, akarekebisha kofia yake, akainua sauti kuelekea juu ya ukuta.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, baba."

"Mtoto kafichwa ndani ya pipa la nafaka!"

"Ana hewa?"

"Hewa anayo mama, pipa lina tundu!"

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila jioni Mbaruku akifunga duka, akiswali, akila, anakaa sebuleni, Chiku anaweka sinema ile ile kwenye TV ya chumbani ili mama asikie muziki na vishindo kwa karibu, na sauti ya mkwe inapita juu ya ukuta. Heshima haikuvunjika, kwa maana hakuna aliyemwona mwenzake.

Ila Chiku alimshika mumewe pembeni mapema.

"Baba Ilham, daktari amesema mama asishtuke. Sitaki mtu afe humo."

"Mama Ilham, hii ni ya vita!"

"Basi wajeruhiwe kidogo."

Mbaruku aliona hilo halina ugumu kwa mtu mwenye kipaji. Siku ya sinema ya mapacha, pale kaka mkubwa anapopigwa risasi juu ya daraja, bunduki zililia chumba kizima.

"Mkwe, nini hicho?"

"Fataki, mama! Ng'ambo kuna sherehe!"

"Mbona kama mtu ameanguka?"

"Daraja lina utelezi. Mvua ilinyesha."

Bibi akasikiliza. "Mbona simsikii tena kuongea?"

Mbaruku alitazama kioo. Kaka mkubwa alikuwa anaelea mtoni kifudifudi. "Amehamia Malinyi, mama. Amepata shamba."

"Ah," bibi alisema, na sauti yake ilitulia. "Afadhali. Malinyi kuna mpunga mzuri."

Baadaye ilikuja sehemu ya msiba, familia nzima inalia, na ikabidi iwe kwamba wamemkumbuka aliyehamia. Tangu siku hiyo Malinyi ikapokea wageni. Majambazi walihamia Malinyi, wafalme wa Kichina walihamia Malinyi, mchumba mmoja wa Kinaijeria aliyewekewa kitu kwenye chakula alihamia pamoja na mama yake. Kama wote wangefika kweli, wenyeji wa kule wangekosa pa kulima.

Kulikuwa na ajabu nyingine. Bibi alianza kumwambia Chiku kwamba mumewe ana karama. "Anasema mlango utagongwa, kweli unagongwa. Anasema huyu atacheka, kweli anacheka. Anajua kabla!" Mbaruku mwenyewe hakuelewa, akampigia Ilham simu.

"Baba, si karama," Ilham alisema huku akicheka. "Chumba cha wageni kiko mbali na kiboksi, waifai inafika imechoka. TV ile inachelewa kidogo nyuma ya yako. Naweza kukuelekeza namna ya kurekebisha."

"Iache hivyo hivyo," Mbaruku alisema.

Kilichomtoa jasho hakikuwa kifo. Vifo aliviweza. Kilichomtoa jasho ni mapenzi. Mtu atamwelezaje mama mkwe mambo yale? Siku ya kwanza kijana na binti waliposogeleana, muziki ukawa laini, watu wakaacha kuongea, Mbaruku alihisi masikio yanawaka moto.

"Mkwe, mbona kimya?"

"Wanasalimiana, mama."

Muziki ukaendelea. Ukazidi kuendelea.

"Bado wanasalimiana?"

"Ndiyo… walikuwa hawajaonana siku nyingi."

Pale akasikia kutoka chumbani kicheko kilichobanwa puani, na hakikuwa cha bibi. Moyo ulimshuka mpaka kwenye ndala. Kumbe Brigitha jirani alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa, amekaa mkekani, na macho yake Brigitha ni mazima kabisa, yanaona kioo chote. Mbaruku akangoja aumbuliwe.

"Ni kweli, mama," Brigitha alisema kwa sauti ya mtu aliyeko kanisani. "Wanasalimiana. Wanasalimiana hasa."

Kuanzia hapo Brigitha hakukosa jioni hata moja. Alikuja na karanga zake, akakaa, akatazama kimoja na kusikia kingine, na kurudi kwake akiwa na maumivu ya mbavu.

Presha ya Bi Sikitu ilishuka. Daktari alisema ni dawa. Bibi alisema ni mkwe. Chiku alisema ni chumvi. Kwa vyovyote, jicho la kulia lilisafishwa, na kesho yake walipomfungua bendeji bibi alikaa kitandani akitazama dirisha, kisha mikono yake, kisha binti yake aliyekuwa amesimama mbele yake na chupa ya chai.

"Chiku," alisema. "Umezeeka, mwanangu."

Chiku alicheka na kulia kwa pamoja. Waliporudi nyumbani bibi hakulala kama alivyoagizwa. Alizunguka nyumba, anagusa ukuta, anaangalia picha za wajukuu, anauliza rangi ya mlango ilibadilishwa lini. Kisha akaketi mbele ya TV ya chumbani na kusema, "Nipe hicho cha kubonyezea, nami niwaone hao watu wangu."

Mbaruku alikuwa dukani simu ilipoita.

"Baba Ilham," Chiku alinong'ona, "mama anatazama ile ya mapacha."

"Peke yake?"

"Na jicho. Nimemwonyesha mara moja tu namna ya kuchagua, ameshika. Sasa hivi wako barabarani wanaelekea darajani."

"Kata umeme!"

"Baba Ilham!"

"Zima hata kiboksi, sema kimeungua!"

"Siwezi kumdanganya mama yangu," Chiku alisema, yeye aliyeagiza asife mtu, na akakata simu.

Mbaruku aliketi juu ya tairi la pawatila. Mbele yake alikuwa Seni, Msukuma mwenye ng'ombe upande wa Lumemo, aliyekuja kununua mnyororo wa pikipiki. Seni alimwona mwuza duka amebadilika rangi, akaweka mnyororo chini.

"Mzee, kuna msiba?"

"Misiba mingi. Mama mkwe wangu anaigundua yote leo." Na kwa kuwa hakuweza kuficha kitu, akamsimulia Seni habari nzima, fataki na Malinyi na salamu. Seni alisikiliza kwa heshima mpaka kwenye salamu, akashindwa, akageukia barabarani mabega yakimtikisika.

"Kwetu," alisema alipopata pumzi, "ukimkosea mama mkwe unapeleka ng'ombe."

"Mimi nauza boliti, ng'ombe nitamtoa wapi?"

"Anza kwa kuomba radhi basi, uone atataja nini."

Jioni ile Mbaruku alifika nyumbani, akaswali, akala, akakaa sebuleni. Hakuwasha kitu. Upande wa pili TV ilikuwa inaongea Kichina, na hakuna kikohozi kilichokuja. Kesho yake vivyo hivyo. Chiku alimwambia mama amehama kwenye mapacha, sasa yuko kwa wafalme. Anatazama, anashika tama, hasemi. Brigitha alipita akachungulia, akaona hali ya hewa, akarudi kwake na karanga zake. Mbaruku akagundua kitu ambacho hakukitarajia: aibu ilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni ule ukimya. Alikuwa amezoea kuulizwa. Alikuwa na mtu anayetaka kujua kama mtoto ana hewa.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Chiku alikuja na ujumbe. "Mama anakuita."

"Ananiita wapi?"

"Kaa hapa hapa sebuleni. Yeye amekaa ukumbini, pazia liko katikati."

Mbaruku alivaa kanzu. Alikaa kwenye kigoda, si kwenye kochi, akaliangalia pazia la maua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Ilham, nani amehamia Malinyi?"

Mbaruku alianza kuhesabu maua ya pazia.

"Nakuuliza, kwa sababu nimewaona. Yule kijana wa daraja ana tundu kifuani, kaingia mtoni, kaja kuzikwa na watu wanalia. Binti wa Kinaijeria kafa na povu mdomoni. Mfalme kakatwa kichwa, baba, kichwa kimeviringika mpaka kwenye ngazi!"

"Nisamehe, mama."

"Nilipokuwa kwenye foleni ya macho nilikuwa nawahadithia wenzangu. Nawaambia, yupo kijana mmoja mwema, aliteleza darajani, sasa ana shamba lake. Wakawa wanauliza anaendeleaje. Na mimi…" Bibi alisogea, pazia likatikisika. "Mimi nilikuwa namwombea. Kila nikisali nasema, Mungu, na yule aliyehamia Malinyi mjalie mavuno. Kumbe naombea mavuno marehemu!"

Mbaruku aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. "Mama, daktari alisema usishtuke. Nilidhani nakulinda."

"Kunilinda na nini? Mimi nimemzika baba yake Chiku. Nimezika watoto wawili kwa mikono yangu. Watu wa kwenye kioo ndio waniangushe?"

Jikoni Chiku aliacha kukwangua sufuria.

"Nimekosa, mama. Nilizoea uongo ukawa mtamu."

"Ulikuwa mtamu," bibi alikubali. "Ndiyo maana nimekasirika." Akavuta pumzi. "Faini yako ni jogoo. Mwekundu, asiwe wa kuokota. Na pamoja na jogoo unihadithie sinema moja ya kweli, tangu mwanzo mpaka mwisho, atakayekufa afe."

"Nimekubali mama."

"Na hizo salamu…"

Mbaruku alitamani kigoda kimmeze. Jikoni kitu kilidondoka.

"Hizo sikuulizi," Bi Sikitu alisema. "Hapo ulikuwa na adabu."

Jogoo alipatikana Jumamosi, mwekundu mpaka kwenye kucha, na Chiku akampika kwa nazi na wali mpya wa msimu ule. Baada ya kula, bibi aliamuru pazia lifungwe kando. Mbaruku alipoanza kunyanyuka atoke, alimzuia.

"Kaa. Mimi nakaa hapa mlangoni, wewe kaa pale. Sote tunatazama kule kwenye TV. Hapo nani amemtazama mwenzake?"

Mbaruku aliona fatwa hiyo haina dosari. Akachagua sinema yake ya Kichina anayoipenda kuliko zote, ya mzee mwenye mgahawa wa chai mlimani na wanafunzi wake wanaojifunza kupigana kwa mafagio. Akasimulia kwa unyoofu kama shahidi mahakamani. Huyu mwizi, mama. Huyu kapigwa, jino limetoka. Huyu kafa kweli, mama, pole. Bibi aliitikia tu, "Ehe. Ehe." Brigitha, aliyekuwa ameshanusa kwamba amani imerudi, aliingia na kukaa bila kuitwa.

Basi ikafika pale mzee anapoletewa kikombe. Mbaruku sauti yake ilipungua.

"Hapa, mama… hapa mzee anakufa."

"Anakufa na nini?"

"Chai ina sumu."

"Nani kaitia?"

"Yule mwanafunzi wake mdogo. Yule mwenye shati la buluu."

Bibi alisogeza uso mbele na kulikazia kioo jicho lake jipya. "Yule? Hapana."

"Ndiye mama."

"Yule kijana ana uso mzuri. Namwona mimi mwenyewe. Hawezi kumtilia mzee sumu."

"Mama, hii sinema ninayo tangu enzi za mikanda. Ndiye."

"Basi aliyeitengeneza amekosea."

"Mama, umesema kweli tupu!"

"Nimesema kweli. Sijasema upuuzi. Mzee mwenyewe kafunga macho tu. Amezimia."

"Wamemfunika shuka, mama!"

"Mlimani kuna baridi. Mimi natoka Mang'ula, unanifundisha mimi baridi ya mlimani?"

Brigitha alikuwa ameshalala ubavu mkekani, kanga mdomoni. Mbaruku akaitazama ile picha ambayo kwa umri wake wote ilikuwa imekwenda namna moja tu, wanafunzi wakiinama mbele ya shuka jeupe. Akafikiri. Akainamisha kichwa upande, kama fundi anayesikiliza injini.

"Labda," alisema polepole, "wanamwamsha."

"Si umeona? Wanamwamsha. Na wale wanaochimba pale?"

"Wanachimba… msingi, mama. Wanaongeza chumba."

"Wageni wamekuwa wengi, mgahawa hautoshi," bibi alisema.

"Hautoshi kabisa! Na huyu wa buluu analia kwa kuwa…"

"…kwa kuwa alidhani mzee amekufa kweli, naye anampenda. Nilikwambia ana uso mzuri."

Chiku alikuja kutoka jikoni, akasimama nyuma yao na mwiko mkononi. "Nyinyi mnatazama sinema gani?" aliuliza, na wote wawili wakamwambia anyamaze.

Wakaendelea hivyo mpaka mwisho, na baada ya hapo jioni nyingine na nyingine, wakibishana bila kutazamana, kila mmoja akimvuta marehemu upande wake. Mbaruku mara nyingine alishikilia kwamba fulani lazima afe, la sivyo Malinyi itajaa, na bibi alimkubalia mmoja mmoja, kwa shingo upande.

Mchele ulipoanza kushuka bei na mashamba ya Mang'ula kungoja mwenyewe, Bi Sikitu alifunga mizigo. Mbaruku alimbebea begi mpaka stendi, akitembea mbele naye akifuata nyuma na Chiku, na begi lilipopakiwa alisimama mbali kidogo na dirisha la basi, uso ukielekea kwenye matairi.

"Safari njema, mama."

"Ahsante, baba." Basi lilikuwa limeshaanza kunguruma. Bibi alitoa kichwa dirishani. "Nitarudi kwa jicho la kushoto. Nitafutie yenye farasi. Wengi. Tangu nizaliwe nasikia habari zao tu."

"Ninazo, mama, tena wanakimbia jangwani!" Mbaruku alipaza sauti, akilifuata basi linavyorudi nyuma kugeuza. "Kuna mmoja mweupe, huyo mwangalie sana, huyo ndiye…"

"Usiniambie!" bibi alipiga kelele, na dereva akapiga honi.